Ijumaa Nilizokaa na Almasi

Mwanamke aliyeshuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yangu hapa Ujiji mwezi uliopita alikuwa na miwani minene na viatu vya mpira laini, vile wanavyovaa manesi. Alisimama akautazama mlango kama mtu anayetafuta namba. Nikadhani ni wa sensa, au wale wa bima ya afya. Akasema, "Issa, ni mimi Jema." Sikusimama. Nilikuwa nashona ndala iliyokatika, nikaendelea kushona. Kuna watu ukiwaona baada ya miaka mingi moyo unaruka. Wangu ulikaa palepale. Nikamwambia kiti kiko ndani, akichukue mwenyewe, nacho ni kimoja, kwa hiyo asinitafutie mimi kingine. Alipoingia kukifuata nikaufikiria ule mwaka, na tangu siku hiyo sijaacha kuufikiria, ndiyo maana naandika. Nimesoma mpaka darasa la saba. Atakayeona makosa ya uandishi asahihishe, lakini majina asiyaguse. Majina nimeyaandika makusudi.

Nilikuwa kijana, mbeba mizigo bandarini Kigoma. Dakta Edson Mwalyego alinichukua pale kwa sababu nililishusha kasha lake kutoka kwenye lori bila kuliinamisha. Wenzangu walilibeba kasha kama gunia la muhogo, mimi nikalibeba kama mgonjwa. "Kijana, unaitwa nani? Kesho usije bandarini, uje kwangu." Ndani ya kasha kulikuwa na hadubini, ila si ile ya kuchungulia kwa jicho waliyokuwa nayo shule za sekondari. Hii ilikuwa na sindano. Ncha yake nyembamba kuliko kitu chochote ninachoweza kukitaja, na kazi yake ilikuwa kutembea juu ya kipande cha almasi na kupapasa, kama kipofu anavyoupapasa uso wa mtu asiyemjua. Kila inapogusa, inapima umeme kama unapita au haupiti. Unapopita, kwenye kompyuta inatokea nukta nyeupe. Usipopita, nukta nyeusi. Nukta kwa nukta, mpaka inatokea picha.

Watu wakisikia almasi wanafikiri pete. Ile haikuwa ya pete. Ilikuwa utando mwembamba uliooteshwa Ulaya juu ya bamba la madini, rangi yake kijivu cha kuelekea weusi, kama masizi ya sufuria. Almasi yenyewe haipitishi umeme. Wanaitia kitu kinaitwa boroni wakati inaota, ndipo inapitisha, lakini boroni haiingii sawasawa: punje moja ya almasi imeshiba, ya jirani yake ina njaa. Hivyo ndivyo Jema, msaidizi wa Dakta, alivyonieleza, akionyesha kwa matonge ya ugali kwenye sahani. Bamba la namna hiyo ukiliweka kwenye maji ya ziwa ukalipa umeme, maji yenyewe yanatengeneza dawa inayoua vijidudu vya kipindupindu. Sisi tuliozaliwa kando ya Tanganyika hakuna wa kutufundisha maana ya kipindupindu. Nilipoelewa hilo, mshahara wenyewe sikuuliza tena. Nilitaka bamba lile lifanye kazi kuliko nilivyotaka kuoa.

Mjini Kigoma mashine ilishindikana. Gari moshi likiingia stesheni, sindano inaruka. Lori la simenti likipita, sindano inaruka. Dakta Mwalyego akakodi nyumba ya zamani Ujiji, yenye kuta za udongo nene kiasi kwamba mtu anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Chumba cha katikati hakikuwa na dirisha hata moja. Nikaleta jiwe pana kutoka ufukweni, tukalitundika darini kwa mipira ya ndani ya baiskeli, hadubini ikakaa juu ya jiwe, ikining'inia kama mtoto kwenye bembea. Umeme wa jenereta ulikuwa unatikisa, kwa hiyo tulitumia betri za gari. Chumba kilinuka mpira, tindikali ya betri na udongo wa zamani. Mpaka leo nikipita kwa fundi baiskeli harufu ile inanirudisha, na sipendi.

Hata hivyo sindano ilikuwa bado inaruka, kwa sababu ya Hamza Kabwe. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mashine ya kusaga muhogo, na mashine yake ilianza asubuhi ikaisha magharibi. Dakta alimpelekea maneno mazuri, Hamza akasema, "Dakta, watu wanakula ugali, hawali picha." Saa pekee aliyoizima ilikuwa ya swala ya Ijumaa. Adhuhuri ya Ijumaa Ujiji yote inatulia. Maduka yanafungwa, mikokoteni inasimama, kina mama wanashusha sauti, na unasikia kunguru wakitembea juu ya bati. Jema aliligundua hilo akafurahi kama mtu aliyeokota pochi. Yeye Mkristo wa Iringa, hakujua anachofurahia. Ikawa ndiyo saa yetu. Wanaume wote wa mtaa wanaelekea msikitini, kanzu zimepigwa pasi, na mimi naingia kwenye chumba kisicho na dirisha, nafunga mlango, nakaa kwenye mkeka karibu na kizingiti. Kazi yangu ilikuwa kutotikisika na kuzuia mtu au mbuzi asisogelee ule ukuta.

"Issa, usipumue kwa nguvu," Jema alikuwa akininong'oneza, macho kwenye kompyuta.

"Nikifa je, Dada?"

"Kufa polepole. Usitikise jiwe."

Tulicheka kwa pua. Hicho ndicho kicheko nilichokuwa nacho mwaka mzima. Nilikuwa nasikia hotuba ya Ijumaa kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, imechujwa na ukuta mpaka maneno hayasikiki, imebaki sauti tu inapanda na kushuka. Mbele yangu ile picha inajitandaza mstari kwa mstari, punje nyeupe kama mchele uliomwagika gizani. Sikatai, ilikuwa nzuri. Ila mtu akiniuliza upweke ni nini, simwambii habari za kukosa mke na watoto. Namwambia upweke ni kuisikia swala ya watu wako kupitia ukutani na huruhusiwi kunyanyua hata mguu.

Ijumaa ya kwanza watu wa mtaa waliniuliza kama naumwa. Ya pili wakanitania. Baada ya hapo Hamza Kabwe akawa anatoka msikitini, anafungua mashine yake, na kabla hajaiwasha anagonga ukuta wetu kwa kiganja. "Issa, jiwe limekuambia nini leo?" Vijana kibarazani wanacheka. "Wenzako tumeswali rakaa mbili, wewe umeswali volti ngapi?" Nilijaribu kueleza habari ya maji. Hamza akasema, "Mwanangu, maji tumekunywa tangu babu zetu. Wewe sema tu umepata dini ya mshahara." Nikienda kunywa kahawa, mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kutazama kikombe chake. Hawakunifukuza. Walinipa kahawa, wakanipa na kashata, wakanyamaza mpaka niondoke. Nikaacha kwenda.

Aliyebaki alikuwa Bi Tatu, mjane aliyetupikia. Alikuwa anaingia na hotpoti kichwani, anavua kandambili mlangoni kwa sababu nilimwambia mashine haipendi vishindo, anatembea kwa vidole na mwili wake ule mnene mpaka Jema anaziba mdomo asicheke. Alipika ugali wa muhogo mweupe, migebuka ya kukaanga kwa mawese, na siku nyingine dagaa na majani ya maharage. Alikuwa anakaa kunitazama nikila. Aliongea Kiha kikichanganyika na Kiswahili, na hakuna siku aliyoniuliza habari za swala. Aliuliza, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "hilo jiwe lenu litaingia lini majini?" Nikamwambia karibu. "Basi fanyeni haraka. Mimi giza likiingia nakwenda kupikia wavuvi, na maji ya kule unayajua." Giza ni zile siku zisizo na mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao. Bi Tatu alikuwa anahamia mwaloni, kambi ya wavuvi ufukweni, siku hizo na masufuria yake. Mwalo ule uko kusini, njia ya kwenda Ilagala. Jina lake silitaji, watu wake walishateseka vya kutosha.

Saa moja ya Ijumaa ilitosha kupapasa eneo dogo kuliko vumbi moja. Jema mwenyewe alikuwa anasema kulipima bamba lote kwa mwendo ule kungetuzeesha wote. Kwa hiyo walikata kipande kidogo cha katikati ya bamba, palipoota vizuri, wakapima pale kila wiki, na pale pakawa peupe kila wiki. Dakta Mwalyego alizichapa picha zile kubwa kama mikeka, akazibandika ofisini kwake Kigoma. Baadaye, nadhani kwa udadisi tu, Jema akakata kipande cha ukingoni akakiweka chini ya sindano. Nilikuwa kwenye mkeka wangu. Mstari wa kwanza ukatoka mweusi. Wa pili mweusi. Nikadhani betri imeisha. Jema akaniangalia, akarudisha kipande cha katikati, peupe. Akarudia ukingo, giza, na ndani ya giza kulikuwa na mstari kama ufa. Ijumaa zilizofuata hatukucheka kwa pua wala kwa mdomo.

Walibishana kwenye chumba cha mbele, na mimi nilikuwa kwenye mkeka, nimezoea kutulia kiasi kwamba walisahau nipo. Dakta alikuwa amekuja na chapati, namsikia anatafuna.

"Dakta, ukingoni utando haupitishi. Na una nyufa. Nimerudia."

"Ukingo ni ukingo, Jema. Nani anakunywa ukingo?"

"Maji hayachagui pa kupita. Na umeme wote utakimbilia katikati, utando utachoka, utabanduka."

"Binti yangu, wageni wanatua wiki ijayo. Wametoka mbali, wametulipia mpaka hiyo chai. Unataka niwaonyeshe giza?"

"Nataka tusubiri bamba jingine."

"Hilo ni la awamu ya pili. Weka ile picha ya katikati, yenye nyota nyingi. Unataka kwenda kusoma, hutaki?"

Nikasikia kikombe kimewekwa chini. Kisha Jema akasema, "Sawa, Dakta." Hayo maneno mawili nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote.

Mimi nilielewa nini? Nilielewa kuna giza ukingoni na kwamba wasomi wawili wamekubaliana. Nilimwuliza Jema kesho yake kama maji yatakuwa salama. Alikuwa anafungasha nyaya. Akasema, "Dakta amesema yatakuwa salama." Hakusema yatakuwa salama. Siku hizi nasikia tofauti hiyo vizuri sana, wakati ule nilisikia jibu.

Tangi likajengwa mwaloni, zuri, la saruji, bamba ndani yake, na sola juu yake na taa ya kijani inayowaka umeme ukipita. Nikahamishiwa kule kulilinda. Mwenyekiti wa mwalo, Chubwa Ntamoka, alikata utepe pamoja na wageni, akapigwa picha akinywa maji kwa bilauri. Halafu akafanya jambo lake. Kulikuwa na ndoo za klorini zilizoletwa na watu wa afya, zimewekwa pale kila mtu achanganye maji yake. Chubwa akazirudisha. Alisema zinaaibisha mradi, mgeni akiziona atadhani hatuna imani na tangi. Nilikuwepo. Alisema hayo akijifuta mdomo.

Giza likaingia, wavuvi wakaja, Bi Tatu akaja na masufuria. Alifurahi kunikuta. Alichota kwenye tangi asubuhi na jioni, akapikia, akanywesha, akanywa. Mimi nilikaa mbele ya taa ya kijani kama nilivyofundishwa, na nilikuwa nakunywa humohumo. Taa haikuzimika hata mara moja. Siku waliyoanza kuharisha wavuvi nilikwenda kuitazama taa kabla sijawatazama watu. Ilikuwa inawaka.

Kambi ya wagonjwa, nilikopelekwa na mimi, ilikuwa mahema mawili na vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, ndoo chini yake. Sitaeleza sana. Aliyewahi kulala kwenye kitanda kile anajua, na asiyewahi asijue. Bi Tatu alikuwa kitanda cha pili kutoka kwangu. Mwanzoni aliongea, alikuwa anamwambia nesi, "Mpe maji huyo kijana kwanza, hana mama huku." Sauti ikawa nyembamba, baadaye ikawa kama mtu anayesaga meno, kisha nikamsikia nesi anavuta shuka. Nilitaka kugeuza shingo nimwone, shingo haikugeuka. Mimi nikaponea dripu. Sijui kwa nini mimi, na wanaosema Mungu ana makusudi yake wanaruhusiwa kusema, mimi nanyamaza.

Mkutano ulifanyika mwaloni nikiwa nimeanza tu kusimama. Niliegemea mtumbwi uliopinduliwa. Walikuwepo wavuvi, wafiwa, Shabani mtoto wa Bi Tatu, Hamza Kabwe na wazee wa mtaa waliokuja kutoka Ujiji kwa ajili ya msiba, na Chubwa kwenye kiti. Dakta Mwalyego alisimama na picha yake, ile kubwa, yenye nyota. Akawaonyesha. Akasema mashine ni nzima, imepimwa mwaka mzima, ushahidi ndio huu. Chubwa akauliza, kama walivyokuwa wamepanga, "Sasa Dakta, kama mashine nzima, watu wamekufa na nini?" Dakta akavua kofia. Alisema inamuuma kusema, lakini umeme ulizimwa. Mlinzi aliuzima Ijumaa, akaenda kuswali, akachelewa kurudi.

Nisomeke vizuri hapa. Mtu ambaye mwaka mzima hakuonekana msikitini, aliyegongewa ukuta kila wiki akiulizwa ameswali volti ngapi, ndiye aliyesemwa ameua watu kwa kwenda kuswali. Nilimtazama Hamza. Nilimtazama kwa sababu yeye alikuwa shahidi wangu, yeye na wale wazee. Neno moja tu lilitosha: huyu hajaswali nasi tangu mwaka jana. Hamza akatazama ziwa. Wazee wakatazama vidole vyao vya miguu. Labda waliona aibu kunitetea kwa kusema mimi si mtu wa msikiti. Labda walimwogopa Dakta. Nimewatafutia sababu nyingi na zote nimezichoka. Halafu nikamtazama Jema, aliyekaa nyuma ya Dakta ameshika begi magotini. Alikuwa anakunja mkanda wa begi, anaukunjua. Nikasema, "Dada Jema, waambie." Sauti yangu ilikuwa bado haijarudi, lakini walionizunguka walisikia, na yeye alisikia, maana mkono uliacha kukunja. Kisha ukaanza tena kukunja. Shabani alinitemea mate miguuni, tena bila hasira, kama mtu anayetimiza kazi aliyoachiwa.

Jema akaenda kusoma. Dakta alipandishwa cheo, amestaafu, nasikia anafuga kuku Morogoro. Chubwa alikuwa mwenyekiti mpaka alipokufa. Mimi nilirudi Ujiji, kwa sababu mtu asiye na kosa akihama amekiri. Sikufungwa. Hakuna aliyenishitaki. Walinisalimia kwa kichwa, wakaniuzia bidhaa, nikiposa naambiwa binti bado anasoma. Miaka ikaenda hivyo. Msikitini nilirudi Ijumaa iliyofuata mkutano, nikaswali, na mstari wangu ulikuwa na nafasi kushoto na kulia.

Sasa turudi kwenye kiti changu. Jema alikaa, akasema yeye ni profesa, amestaafu mapema, macho yanamsumbua. Akasema baada ya mkutano Dakta aliliopoa bamba, na yeye aliliona kabla halijafichwa: utando ulikuwa umebanduka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, kama rangi ya mlango mkuukuu. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyaya, taa inawaka, na maji yanapita bila kuguswa. "Nilijua siku ile ile, Issa. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi ulichoniambia nakijua," nilisema. "Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya taa. Usiniambie mimi."

"Nimwambie nani?"

"Waambie wao."

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali. Akasimama bila kubisha, hilo namhesabia. Tukavuka barabara mpaka kibarazani, pale ilipokuwa mashine ya Hamza, siku hizi wanatuma pesa na kuchaji simu. Walikuwepo vijana wa bodaboda, mwenye duka, na watu wazima wawili watatu waliohamia kutoka Kasulu na Kibondo. Jema aliwasalimu, akajitaja jina, akasimulia. Alisimulia vizuri, bila kujipendelea. Alisema bamba lilikuwa bovu, alijua, alinyamaza, na mimi sikuzima chochote. Alimtaja Dakta. Alimtaja Bi Tatu. Walimsikiliza kwa adabu, mmoja akapunguza redio. Alipomaliza, nikagundua nimebana pumzi.

Mwenye duka akakuna shingo. "Samahani, mama," akasema. "Tangi gani?"

Jema akanigeukia. Nikawapitia wote usoni, mmoja mmoja. Hamza amekufa, wale wazee wamekufa, Shabani alivuka kwenda Kongo hakurudi. Waliokuwa pale walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa makwao. Kumbe hawa hawakuwahi kunituhumu. Walininyima mazungumzo kwa sababu walikuta napita bila kusimama, wakadhani ndivyo nilivyo.

"Tangi la zamani," nikasema. "Lilishabomolewa."

"Pole sana, mzee wetu," kijana mmoja akasema, na alimaanisha. Akasogea kwenye benchi, akawasogeza na wenzake, Jema akakaa, akapewa kahawa. Nafasi nyingine ikabaki pembeni yake, ya kutosha mtu. "Mzee Issa, kaa basi na wewe," akasema mwenye duka, ameshamimina kikombe.

Nilisimama pale, sijui mikono niiweke wapi. Nikasema nashukuru, lakini kuna mtu ananisubiri nyumbani. Hakuna aliyeuliza nani.